Kiganja Chini, Komando

Ninyi mnaozoa mavi ya mbwa kila asubuhi pale kituo cha mbwa Mikumi, lile koleo lenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli lilikuwa langu. Mpira niliufunga mimi kwa sababu mpini ulikuwa unanichubua. Msiutoe.

Dada Happy ameniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nikamwambia wanaoandika kumbukumbu za kazi ni wastaafu, watu wenye mvi na miwani, mimi nina mtoto aliyeacha kunyonya juzijuzi. Akasema, "Umeacha kazi, kurudi hutaki, umekaa nyumbani unanuna. Huko ndiko kustaafu. Andika." Basi naandika. Nina kidato cha nne na hasira nyingi, msitegemee maneno laini. Na nawaambia mapema: mbwa ninayetaka kuwaeleza habari zake, Komando, amekufa. Msisome mkingoja nigeuze mwisho.

Kwanza kazi.

Siku yangu ya kwanza nilivaa gambuti mpya, nikajifunga kanga nzuri, nikaingia kwenye banda la jike moja jeusi lililogongwa na lori barabara kuu. Nikaenda moja kwa moja, nimelikazia macho, mkono nimeunyoosha juu ya kichwa chake, "Njoo mama, njoo." Nilitoka nikiwa na gagulo tu. Kanga ilibaki ndani na yule jike ameilalia. Dada Happy alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Halafu akaniambia, "Mdogo wangu, umeingia kama askari wa doria. Mbwa hasomi moyo wako. Anasoma mabega yako."

Dada Happy mnamjua, mkubwa wetu pale, yeye ndiye anayechoma sindano. Kwao ni wafugaji, wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa akiwa mdogo. Anaongea na mbwa kwa Kisukuma, nasi kwa matusi. Alinifundisha kuingia ubavu ubavu, kukaa chini nimempa mbwa mgongo nusu, kupiga miayo hata kama sina usingizi. Mtaona ujinga. Pigeni tu. Mbwa akikuona unapiga miayo anajua hukuja kupigana. Dagaa wekeni kwenye kiganja kilicho wazi, si kwenye vidole, na wasiwe wenye chumvi. Na kichwani msimshike. Shikeni kifua. Mkono unaokuja juu ya kichwa cha mbwa wa Tanzania, kwa maisha aliyopitia, ni mkono wenye jiwe.

Zamani, kabla yangu, walikuwa wanawakamata kwa kitanzi cha waya kwenye ncha ya fimbo ndefu. Dada Happy alikikuta hicho kitanzi, akakifanya kamba ya kuanikia nguo. Ndiyo ile mnayoanikia mataulo hadi leo.

Sasa Komando.

Aliletwa kutoka upande wa Zombo, kijana bado, meno yake hayajachakaa hata kidogo. Masikio yalikuwa yamekatwa kwa kisu. Jamaa aliyekuwa naye alikuwa anataka mbwa wa kulinda stoo ya mahindi, na alimfanyia dawa ile mnayoijua. Msijifanye hamuijui. Nusu ya baba zenu wameifanya. Unachukua mtoto wa mbwa, unamfungia gizani, hakuna kuona mtu, unamtilia manyigu kwenye ugali, pilipili pia, ukipita unagonga mlango kwa fimbo. Eti anakuwa mkali. Akifunguliwa anaruka kwenye kitu cha kwanza anachokiona, watu wanapiga makofi: umeona mbwa huyo!

Huyo si mkali. Huyo anaogopa mpaka hajui tena pa kuupeleka uoga wake. Mimi nimekaa na mbwa wakali wa kweli. Mbwa mkali anakuangalia, anafikiri, anaamua. Komando alikuwa hafikiri. Ukivuta komeo la mlango, lile kra la chuma kwenye chuma, anajikojolea na kung'ata kwa wakati mmoja.

Watu walikuja kuchukua mbwa, wakampita. Mama mmoja wa Mikumi alimpenda rangi, akamuona anavyotetemeka, akasema, "Huyu ana majini." Na pale kituoni utaratibu mnaujua: mbwa asiyeweza kukaa na watu, akikosa wa kumchukua, Dada Happy anamchoma sindano ya mwisho. Hapendi, anaifanya. Nikamuona ameanza kumpita Komando bila kumsemesha, nikajua ameanza kumuaga.

"Namchukua mimi," nikamwambia.

"Una mtoto mdogo."

"Namchukua."

"Una wazimu pia."

"Dada Happy, nimekwambia namchukua."

Nikaenda naye Kilosa kwenye tenga, nyuma ya bodaboda. Dereva njia nzima anaimba kwa sauti ya juu, baadaye akakiri alikuwa anaimba kwa woga.

Kwangu ni upande wa reli. Baba Siwema, mume wangu, ni utingo wa malori, anakuja nyumbani kama mgeni. Tunaishi uwanja mmoja na mdogo wake, Iddi, shemeji yangu, fundi baiskeli. Siwema ni binti yangu. Wakati ule alikuwa anatembea kwa kuanguka.

Nisikilizeni hapa maana hii ndiyo kazi yenyewe. Komeo nilimzoesha kidogokidogo. Nililing'oa la mlango wa jikoni nikawa nalo mkononi. Nalisogeza taratibu nikiwa mbali, karibu halisikiki, nampa dagaa. Kesho tena. Nasogea. Akitetemeka nimekosea mimi, narudi nyuma. Msiharakishe. Kila mtu atawaambia mnapoteza muda, waacheni waseme.

Na nilimfundisha kitu kingine. Mbwa wa namna ile ukimwambia tu "using'ate" hujamwambia chochote. Lazima umpe jambo la kufanya badala ya kung'ata. Mimi nilimpa kulala. Ukiona ameogopa, unashusha mkono, kiganja chini, unasema, "Lala, Komando." Anajibwaga tumbo chini, kidevu kwenye udongo, anabaki hapo mpaka kile kitu kinachomtisha kipite. Ilichukua muda mrefu, sitaki kuwadanganya. Lakini ilifika mahali hata kumwambia siambii. Treni ya mizigo ikipiga honi, anajilaza mwenyewe. Mtu akiinua fimbo, anajilaza. Siwema naye akajifunza. Anashusha kiganja chake kile kidogo, "Yaya, Komando," na lile dume linajibwaga mbele ya mtoto asiyefika kiunoni kwangu. Nikampigia simu Dada Happy nikamsikilizisha. Akasema vumbi limemuingia machoni. Kwenye simu!

Nilikuwa bado nafanya kazi. Nakwenda Mikumi siku kadhaa, nalala huko na Siwema, narudi. Komando anabaki na Iddi.

Iddi si mtu mbaya. Naandika hivyo na mkono unanikatalia. Kulitokea wizi pale mtaani, baiskeli ya mteja ikaibwa kwenye banda lake, mbwa yupo. Komando aliwaona wezi, akafanya nilichomfundisha. Akalala. Vijana wa kijiweni wakamcheka Iddi: "Oyaa fundi, shemeji yako kakufugia mto wa kulalia." Ikamuuma. Mimi nikiwa Mikumi, akamtia Komando stoo, kule tunakoweka mahindi, akafunga komeo, akatafuta manyigu kwenye dari la shule. Alidhani anarekebisha. Ndivyo baba yake alivyofanya, ndivyo kila mtu anavyofanya.

Alipofungua mlango Komando alimng'ata mkono.

Nilirudi nikakuta Iddi amejifunga kitambaa, amekaa kwenye kigoda, haniangalii. Nilimburuta bombani nikamsugua jeraha kwa sabuni ya mche na maji yanatiririka, muda mrefu, kama tulivyofundishwa. Na ninyi mkumbuke hilo kabla ya yote: sabuni na maji, kisha hospitali ukachomwe sindano, hata kama mbwa amechanjwa, hata kama ni mbwa wako wa kulala naye. Kichaa cha mbwa hakina huruma.

"Shemeji, utanichuna," akasema.

"Nyamaza."

"Nilitaka tu..."

"Iddi, nyamaza, nitakuchuna kweli."

Bwana mifugo akaja na mwenyekiti wa mtaa. Simlaumu bwana mifugo, alifanya sahihi. Komando alikuwa na chanjo, kadi nikaonyesha. Akasema hata hivyo ameng'ata mtu, lazima afungiwe na kuangaliwa. Akila na kunywa na kubaki mzima mpaka muda uishe, hana ugonjwa, yuko huru. Mimi nikasema nimfunge uani kwa kamba. Mwenyekiti akakataa, watoto wa shule wanapita pale. Afungiwe ndani. Ndani ni wapi? Stoo. Penye mlango wa mbao na komeo.

Nikasema sawa, na mimi nafungiwa humo.

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema, "Mama Siwema, mbwa ni mbwa tu." Mimi nikaingia stoo na mkeka wangu. Nilitoa matofali mawili chini ya ukuta wa nyuma ili mwanga uingie, maana giza ndilo lilimharibu. Nikamwambia Iddi afunge kutoka nje. Asubuhi naingia, jioni natoka, Siwema yuko kwa mama yangu mtaa wa pili. Kra, komeo linafunga, na Komando kwenye kona ile mbali, amejikunja, hanitazami. Hata dagaa hataki. Nimekaa nimempa mgongo nusu, napiga miayo.

Nje ya mlango Iddi amekaa anatengeneza spoku kwa mkono mmoja.

"Shemeji, bado ananichukia?"

"Anakuogopa. Ni mambo mawili tofauti."

"Na wewe?"

"Mimi nakuchukia."

Akazungusha gurudumu. "Nikuletee chai?"

"Lete."

Akawa analeta chai kila siku. Akawa anavuta lile komeo polepole sana, kama mtu anayeiba, ili lisipige kelele. Sikumfundisha. Siku moja wakati Iddi anapokea kikombe kwenye upenyo wa mlango, Komando alitoka konani, akatembea akakiweka kidevu chake juu ya mguu wangu. Hivyo tu. Uzito wa kichwa cha mbwa kwenye mguu mnaujua. Niliacha mguu ufe ganzi. Alikuwa anakula. Alikuwa anakunywa. Bwana mifugo alipita akachungulia, akasema, "Huyu mzima kabisa, bado kidogo tu unamtoa."

Bado kidogo tu.

Mchana mmoja mama yangu akatuma mtu mbio: Siwema amechemka mwili, ametapika, macho yanapinda. Mnanielewa wenye watoto. Sikumuaga Komando. Nilitoka, nikamwambia Iddi funga, nikakimbia. Bodaboda, hospitali, malaria, mtoto anawekewa dripu na mimi nimemshika miguu. Hapo Komando hata hakuwa akilini mwangu, na siombi radhi kwa mtu.

Yaliyobaki ameniambia Iddi. Baada ya mimi kutoka, Komando alilia, akanyamaza, kisha akaanza kuchimba pale nilipotoa matofali. Iddi akasikia, akazunguka nyuma, akakuta ameshatoka. Akamwita. Akamwita kwa upole kabisa, anasema, "Komando, njoo, njoo baba." Lakini sauti ile Komando aliijua ni ya nani. Kadiri Iddi alivyomwita ndivyo alivyozidi kukimbia. Na alikuwa anafuata njia niliyopita mimi. Alipita kwa mama yangu, akanusa mlangoni, akashika barabara ya hospitali.

Mtaa mzima ulikuwa unajua mbwa wa Mama Siwema ameng'ata mtu na amefungiwa kwa kichaa. Wakamuona yuko nje anakimbia, ulimi nje, na nyuma yake mtu anakimbia anapiga kelele. Sasa ninyi mngefikiri nini? Akina mama wakaanza kukusanya watoto. Baba Eliza, jirani yetu wa nyumba ya kona, alikuwa anatoka shamba na jembe begani. Alisimama katikati ya njia akaliinua.

Komando akalala.

Tumbo chini. Kidevu kwenye udongo. Kama nilivyomfundisha. Iddi anasema alikuwa ametulia kabisa, anangoja kile kitu kipite.

Iddi alikuwa mbali kidogo. Alipiga kelele, "Msimpige! Amelala! Msimpige!" Walikuwa wengi. Baba Eliza alianza kwa jembe, wengine wakamalizia kwa mawe. Hakuinuka. Nimemuuliza Iddi mara nyingi, hata mara moja hakujaribu kuinuka? Anasema hapana shemeji. Alibaki amelala.

Niliporudi siku iliyofuata na Siwema mgongoni, homa imeshuka, Iddi alikuwa ameshamzika kando ya banda la baiskeli. Alikuwa amekaa chini na ule mkono wake mbovu unavuja tena kwa kuchimba. Nilimwekea bandeji mpya. Ndiyo yote niliyoweza.

Baba Eliza alikuja jioni, kavaa shati safi, akasimama nje ya uwanja, "Hodi." Nikamwamkia maana ni mkubwa wangu. Shikamoo, marahaba. Akasema pole. Halafu akasema, na hili ndilo limenifanya niwaandikie, mengine yote ningeyameza:

"Mama Siwema, mbona hukutuambia kwamba akilala ndiyo anaogopa? Sisi tulidhani anajivuta aruke."

Nilitaka nimpige na kigoda. Nilitaka kumwambia wewe ni mtu mzima, una macho, una watoto, mnyama yuko chini mbele yako na hatoi hata sauti, na wewe unajua kupiga tu. Na nilimwambia. Nilimwambia na zaidi. Majirani walitoka nje kusikiliza. Eliza, binti yake, alikuwa amesimama kando ananitazama. Baba Eliza aliinamisha kichwa mpaka nilipomaliza, akasema tena, "Lakini hukutuambia," akaondoka.

Sikurudi Mikumi. Dada Happy alikuja Kilosa mwenyewe, akakaa na mimi, akala ugali wangu, hakunishawishi. Wakati wa kuondoka akasema kuna vijana wapya, wana moyo, hawajui kitu. Ndio ninyi.

Basi hili hapa, na mkisahau mengine yote mshike hili. Mbwa kama Komando akipata nyumba, msimpeleke nyumba hiyo tu. Mpelekeni mtaa mzima. Piteni mlango kwa mlango naye akiwa kwenye kamba, mpaka kwa yule asiyependa mbwa, mpaka kwa anayesali na hataki aguswe na mate ya mbwa, msimlazimishe, simameni mbali. Mwonyesheni: akifanya hivi anaogopa. Akifanya hivi amefurahi. Akilala, mwache, pita. Watawacheka. Watasema siku hizi mbwa ana barua ya utambulisho. Chekeni nao, lakini msiondoke mpaka waone. Ikiwepo nyumba moja tu ya njiani imekataa kusikiliza, rudini naye. Bora Dada Happy amchome akiwa mapajani mwenu. Nasema hivyo na najua ninachosema.

Komeo nimelitoa kwenye ule mlango wa stoo. Tunafunga kwa kamba.

Siwema sasa anaongea vizuri, lakini ile tabia haijamtoka. Kuku wakigombana anashusha kiganja. Treni ikipiga honi anashusha kiganja. Na asubuhi Baba Eliza akipita kwenda shamba na lile jembe begani, mtoto anamkimbilia mpaka ukingo wa uwanja, anashusha mkono, anamwambia, "Lala."

Yule mzee anasimama. Anatoa jembe begani, analilaza chini, na anabaki amesimama hapo, hajui mikono yake aiweke wapi.

Simwambii mtoto aache.